Bakteria wa tope la volkano na madini adimu

Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kwamba madini adimu ya ardhini, yale yanayotumika kutengenezea sumaku za magari ya umeme na vioo vya simu za mkononi, hayana kazi yoyote katika mwili wa kiumbe chenye uhai. Bakteria mmoja aliyetolewa katika tope linalotokota nchini Italia ameibatilisha imani hiyo. Sasa maabara za Marekani na Ulaya zinajaribu kumpa yeye na jamaa zake kazi ambayo hadi leo hufanywa kwa mapipa ya tindikali.

Magharibi mwa jiji la Naples, katika mji wa Pozzuoli, kuna kreta iitwayo Solfatara. Ni sehemu ya eneo pana la volkano lijulikanalo kwa jina la Campi Flegrei. Mvuke wenye harufu ya kibiriti hutoka ardhini usiku na mchana, na katika mashimo yake tope la kijivu huchemka kama uji juu ya jiko. Hapo si mahali ambapo mtu angetarajia kukuta uhai. Hata hivyo, mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, mjini Nijmegen, Uholanzi, walitangaza kwamba wamempata humo bakteria anayestawi katika joto la nyuzi 55 na katika maji yenye tindikali kali kuliko siki. Chakula chake ni methani, gesi ambayo isipoliwa na viumbe wa aina hiyo hupanda angani na kuongeza joto la dunia. Alipewa jina la kisayansi la Methylacidiphilum fumariolicum.

Kumpata kulikuwa jambo moja. Kumfuga maabara kulikuwa jambo jingine. Watafiti walimpa methani, oksijeni, chumvi na madini yote ambayo vitabu vya taaluma hiyo huagiza, lakini bakteria huyo hakukua ipasavyo. Walipomtilia maji kidogo yaliyochukuliwa kwenye tope lile lile la Solfatara, alinawiri. Ilikuwa dhahiri kwamba ndani ya maji hayo kulikuwa na kitu ambacho vitabu havikukitaja. Kikundi kilichoongozwa na Arjan Pol na Huub Op den Camp kilikitafuta kitu hicho kwa subira, kwa kushirikiana na wenzao wa Taasisi ya Max Planck ya utafiti wa tiba mjini Heidelberg, Ujerumani, na jibu lao lilichapishwa mwaka 2014. Kitu hicho kilikuwa madini adimu. Bakteria alipotiliwa lanthanamu, seriamu, praseodimiamu au neodimiamu, hakuhitaji tena maji ya Solfatara. Alipokosa yote manne, alidhoofika.

Ili kuelewa kwa nini habari hiyo iliwashtua wanabiolojia, inafaa kutazama jinsi bakteria huyo anavyokula. Methani haimezwi ikawa nguvu kwa hatua moja. Kwanza hugeuzwa kuwa methanoli, yaani aina ya kileo chenye sumu kwa binadamu, kisha methanoli nayo hugeuzwa kuwa formaldehaidi au fomati, na kadhalika. Kila hatua ina kimeng'enya chake, na kimeng'enya ni protini iliyo mithili ya fundi mwenye chombo maalumu mkononi. Mara nyingi chombo hicho ni chembe moja ya metali. Kwa kimeng'enya kinachoshughulikia methanoli, vitabu vilisema chombo hicho ni kalsiamu, ile ile iliyomo katika mifupa na maziwa. Katika bakteria wa Solfatara, wataalamu wa Heidelberg walipopiga picha ya umbo la protini hiyo kwa miali ya eksirei, mahali palipotarajiwa kalsiamu waliona chembe ya madini adimu. Chembe hiyo huvuta elektroni kwa nguvu kuliko kalsiamu, na kwa hiyo kazi hufanyika kwa wepesi zaidi.

Haki inadai kusema kwamba watafiti wa Japani walikuwa wametangulia kuona dalili. Mwaka 2011 walieleza kwamba bakteria fulani wanaotumia methanoli walikuwa na kimeng'enya kilichofanya kazi walipopewa lanthanamu au seriamu. Lakini jambo hilo lilionekana kama kioja tu. Ilikuwa Solfatara iliyoonyesha kwamba kuna kiumbe ambaye bila madini hayo hawezi kuishi.

Baada ya hapo wanasayansi walirudi kutazama upya mambo waliyoyapuuza. Jeni ya kimeng'enya hicho ilikuwa imekwisha kuonekana katika bakteria wengi wa udongoni, wa baharini na wanaokaa juu ya majani ya mimea, lakini ilidhaniwa kuwa haina kazi, kwa sababu maabara haikuonyesha ikifanya lolote. Sababu ilikuwa nyepesi kiasi cha kuchekesha: hakuna aliyewahi kutia madini adimu katika chakula cha bakteria wa maabara, kwa kuwa kila mtu alijua kuwa hayana faida. Jina lenyewe la lanthanamu, lililotolewa mwaka 1839 na mwanakemia Carl Gustaf Mosander wa Sweden, linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kujificha.

Ndugu kumi na saba

Madini yanayozungumziwa hapa ni elementi 17: kumi na tano za ukoo wa lanthanamu, pamoja na skandiamu na itriamu. Historia yake inaanzia kwenye machimbo ya kijiji cha Ytterby, karibu na Stockholm, ambako mwaka 1787 afisa wa jeshi Carl Axel Arrhenius aliokota jiwe jeusi zito asilolitambua. Miaka saba baadaye Johan Gadolin, mwanakemia wa Finland, alikuta ndani yake kitu kipya. Kutoka kijiji hicho kimoja zimepatikana elementi nne zenye jina la kijiji hicho: itriamu, tabiamu, ebiamu na itabiamu.

Neno adimu linapotosha. Seriamu, kwa mfano, inakaribia shaba kwa wingi katika gamba la dunia. Uadimu uko kwingine. Madini haya ni nadra kukusanyika mahali pamoja kwa wingi wa kuchimbika, na yanapokusanyika huwa yote pamoja, kama ndugu wasiotaka kuachana. Chembe zao zina chaji ya namna moja na ukubwa unaotofautiana kwa kiasi kidogo mno, hivyo kemia ya kawaida haiwezi kuwatenganisha kwa urahisi. Na viwanda havitaki mchanganyiko. Kiwanda cha sumaku kinataka neodimiamu na praseodimiamu, na kinataka disprosiamu kidogo ili sumaku isipoteze nguvu ndani ya injini yenye joto. Mtambo mmoja mkubwa wa umeme wa upepo wa baharini unaweza kubeba sumaku zenye uzito wa tani kadhaa.

Njia inayotumika viwandani ni kuyeyusha mawe kwa tindikali, kisha kuukoroga mmumunyo huo pamoja na mafuta ya jamii ya mafuta taa yaliyochanganywa na kemikali maalumu. Madini mazito huelekea kwenye mafuta kwa wepesi kidogo kuliko mepesi. Tofauti hiyo ndogo hailetei usafi kwa mara moja, kwa hiyo zoezi hurudiwa katika mapipa yaliyopangwa mstari, wakati mwingine mamia kadhaa. Baada yake hubaki tindikali, chumvi za amonia, na mara nyingi thoriamu na urani, ambazo hutoa mionzi. Nje ya mji wa Baotou, katika jimbo la Mongolia ya Ndani nchini China, kuna ziwa la taka la namna hiyo ambalo limepigwa picha na waandishi wa habari wa dunia nzima.

Kwamba ziwa hilo liko China si bahati mbaya. China ilikubali kufanya kazi chafu ambayo wengine waliikimbia, na ikajifunza. Leo takriban asilimia 90 ya usafishaji wa madini haya ulimwenguni hufanyika huko. Mwaka 2010, wakati wa mvutano na Japani, usafirishaji ulibanwa na bei zikapanda kwa kasi mwaka uliofuata. Shirika la Biashara Duniani liliamua mwaka 2014 kwamba vizuizi vya China vilikiuka kanuni. Mwezi Aprili mwaka 2025, katikati ya mzozo wa ushuru na Marekani, Beijing iliweka masharti mapya ya leseni kwa elementi saba, disprosiamu ikiwemo. Tangu mwaka 2010 fedha za utafiti zimekuwa zikitafuta njia nyingine, na baadhi yake zimewafikia wataalamu wa bakteria.

Protini yenye mkono mwepesi

Bakteria anayehitaji madini adimu ana shida ile ile ya kiwanda: lazima ayaokote kutoka katika udongo au maji ambamo kalsiamu, chuma na alumini zimejaa tele. Mwaka 2018 Joseph Cotruvo na wenzake wa Chuo Kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, walieleza jinsi mmoja wao anavyofanya. Huyu haishi katika volkano. Anaitwa Methylorubrum extorquens, ana rangi ya waridi, na hukaa juu ya majani ya mimea akila methanoli inayotoka kwenye majani hayo. Ndani yake walikuta protini ndogo waliyoiita lanmodulini. Inapokutana na chembe ya madini adimu, protini hiyo iliyokuwa imelegea hujikunja na kuishika. Kwa kalsiamu haifanyi hivyo mpaka kalsiamu iwe nyingi kupita kiasi. Uchaguzi wake kati ya hizo mbili hufikia mara milioni mia moja.

Namba hiyo ndiyo iliyowavuta wahandisi. Kwa kushirikiana na Maabara ya Taifa ya Lawrence Livermore huko California, timu ya Cotruvo iliibandika lanmodulini kwenye punje ndogo, ikazijaza punje hizo katika bomba, na kupitisha humo maji yaliyotokana na takataka za makaa ya mawe ya daraja la chini. Katika maji hayo madini adimu hayakufika hata sehemu moja katika elfu ya metali zote zilizokuwamo. Metali nyingine zilipita. Madini adimu yalibaki yameshikwa, na yalipooshwa na tindikali hafifu yalitoka yakiwa na usafi wa takriban asilimia 88. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021.

Lakini kuyatenga madini adimu na chuma ni nusu tu ya kazi. Nusu ngumu ni kumtenga ndugu na ndugu, na hapo lanmodulini ya kwanza haikuwa hodari. Watafiti walipekua hazina za kompyuta zenye maandishi ya jeni za bakteria na kukuta mamia ya protini zinazofanana nayo. Mojawapo ilitoka kwa Hansschlegelia quercus, bakteria aliyetolewa kwenye machipukizi ya mti wa mwaloni. Protini yake ina tabia ya ajabu. Ikishika madini mepesi, kama vile neodimiamu, protini mbili hukumbatiana na kukaza mshiko. Ikishika madini mazito, kama vile disprosiamu, hazikumbatiani vizuri, na mshiko unalegea. Tofauti ya ukubwa wa chembe, ambayo mkemia huihangaikia kwa mapipa yasiyohesabika, hapa inageuzwa kuwa suala la kushikana au kutoshikana. Katika makala iliyochapishwa na jarida la Nature mwaka 2023, timu hiyo ilieleza kwamba ilitenganisha neodimiamu na disprosiamu kwa hatua moja tu, katika joto la kawaida la chumba, na kila moja ikatoka na usafi unaozidi asilimia 98.

Msikilizaji anaweza kuuliza: ikiwa ni hivyo, mbona mapipa bado yapo? Jibu ni kwamba bomba la maabara hushughulikia kiasi kinachoweza kubebwa mkononi, ilhali viwanda hushughulikia maelfu ya tani. Protini lazima itengenezwe kwa wingi, kwa bei nafuu, na istahimili kutumika mara nyingi bila kuharibika. Zaidi ya hayo, protini haivunji mwamba. Inasubiri mwamba uwe maji kwanza.

Kuvunja mwamba kwa sukari

Kwa kuvunja mwamba kuna bakteria wengine. Katika shaba kazi hii si ngeni: tangu mwaka 1947 inajulikana kwamba bakteria aitwaye siku hizi Acidithiobacillus ferrooxidans hula chuma na salfa na kutoa tindikali, na migodi ya shaba hunyunyizia malundo ya mawe maji yenye bakteria hao. Bahati mbaya mawe mengi ya madini adimu hayana salfa. Ni kaboneti au fosfeti, na bakteria wa shaba hana cha kula humo. Inabidi kumtumia anayelishwa.

Anayependwa zaidi ni Gluconobacter oxydans, jamaa wa bakteria wanaogeuza pombe kuwa siki. Akipewa sukari hutoa tindikali ya glukoni, ambayo huyeyusha madini adimu bila ukali wa tindikali za viwandani. Maabara ya Taifa ya Idaho, nchini Marekani, imemjaribu kwa vichocheo vilivyochakaa kutoka viwanda vya kusafisha mafuta, ambavyo huwa na lanthanamu. Madini yalipatikana, ila hesabu ya gharama ilionyesha kwamba sukari ndiyo iliyomeza sehemu kubwa ya fedha, na watafiti wakageukia mabua ya mahindi. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, kikundi cha Buz Barstow kilizima jeni za bakteria huyo moja baada ya nyingine ili kujua zipi huongeza na zipi hupunguza tindikali, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021.

Kwa monazaiti, jiwe la fosfeti lililo gumu zaidi, habari si ya kufurahisha sana. Jaribio la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lililochapishwa mwaka 2016 na kutumia kuvu badala ya bakteria, liliyeyusha kati ya asilimia 3 na 5 tu ya madini hayo kwa siku sita. Mwenye mgodi hataacha tindikali yake kwa ajili ya asilimia 5. Ndiyo maana wengi wanaona kwamba kazi ya kwanza ya vijiumbe hawa itakuwa kwenye taka: majivu ya makaa, vichocheo vilivyochakaa, na sumaku za vifaa vya umeme vilivyotupwa, ambavyo leo chini ya asilimia moja ya madini adimu yake hurejeshwa.

Kuna hata waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 Profesa Charles Cockell wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alituma bakteria na vipande vya mwamba wa basalti katika kituo cha kimataifa cha anga za juu. Mmoja wao, Sphingomonas desiccabilis, aliweza kutoa madini adimu kwenye mwamba huo hata pasipo uzito. Mgodi wa sayari ya Mars unaweza kusubiri, lakini jaribio lenyewe lilifanywa kwa makini.

Kutoka Gakara hadi Bogoria

Kwa wanaozungumza Kiswahili, suala hili liko karibu na nyumbani. Gakara, nchini Burundi, ina mishipa ya mawe yenye kiwango cha madini adimu ambacho ni cha juu sana kwa vipimo vya dunia. Uchimbaji ulianza upya mwaka 2017 na kusitishwa na serikali mwaka 2021, Bujumbura ikilalamikia mapato iliyokuwa ikipata. Nchini Tanzania, mradi wa Ngualla mkoani Songwe ulipata leseni maalumu mwezi Aprili mwaka 2023, serikali ikipewa hisa za asilimia 16. Mwaka 2025 kampuni ya Kichina ya Shenghe Resources ilikubaliana kuinunua kampuni yenye mradi huo. Uganda ilitoa leseni kwa mradi wa Makuutu mwezi Januari mwaka 2024. Kenya nayo ina kilima cha Mrima huko Kwale, msitu wa kaya wa Wadigo, ambako leseni ya kampuni moja ilifutwa mwaka 2013 na kesi ikafika mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, Kenya ikashinda mwaka 2018.

Maeneo haya manne hayafanani, na bakteria mmoja hawezi kuyahudumia yote. Makuutu ni udongo wa mfinyanzi ambao madini yake yameng'ang'ania juu juu na huachia kwa maji ya chumvi tu. Kusini mwa China kazi ya aina hiyo iliacha mito yenye amonia. Huko lanmodulini ingeweza kuwa na nafasi baada ya maji kutoka. Mrima ina thoriamu, ambayo yeyote atakayeyeyusha mwamba atalazimika kuiweka mahali. Kinachofanana ni kwamba hakuna hata mahali pamoja ambapo ndugu kumi na saba wanatenganishwa. Kinachosafirishwa, au kinachotarajiwa kusafirishwa, ni mchanganyiko, na thamani kubwa huja baada ya kutenganisha. Kiwanda cha mapipa mamia hugharimu fedha na maji mengi, na huhitaji mafundi waliokaa miaka kwenye kazi hiyo. Ikiwa siku moja bomba la protini litafanya kazi hiyo kwa hatua chache, hoja kwamba Afrika Mashariki ni ndogo mno kusafisha madini yake itadhoofika. Neno ni ikiwa.

Na lipo swali la nani mwenye bakteria. Ziwa Bogoria, katika Bonde la Ufa la Kenya, lina chemchemi za maji moto kama ilivyo Solfatara ya Italia. Vijiumbe vilivyochukuliwa katika maziwa ya magadi ya Kenya mwaka 1992 vilizaa vimeng'enya vilivyouzwa duniani, vikiwemo vya kufifisha rangi ya suruali za jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilijitokeza kudai mgawo wa faida. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwezi Oktoba mwaka 2014, inataka anayechukua kiumbe cha nchi nyingine apate kibali na kugawana manufaa.

Lakini protini ya mwaloni haikupatikana kwa mtu kwenda msituni na kisu. Ilipatikana kwa kusoma herufi za jeni katika kompyuta, na herufi hizo zinaweza kutumwa popote bila kupita forodhani. Kwa ajili ya jambo hilo ulizinduliwa mjini Roma, mwezi Februari mwaka 2025, mfuko uliopewa jina la mji wa Cali wa Colombia, ambao makampuni yanayofaidika na taarifa za jeni yanatakiwa kuuchangia, na walau nusu ya fedha zake ziwafikie wenyeji wa asili na jamii za mahali husika. Michango katika mfuko huo ni ya hiari.